Mikono Iliyoamsha Pikipiki ya Ezelina

Taa ya njano iliwaka mlimani, tena pale pale ilipozoea kumwaibisha, abiria yuko nyuma na kona iko mbele. Ezelina Mahenge aliisikia injini ikikohoa mara moja, kisha nguvu zikakatika. Kwenye kioo kidogo katikati ya vishikio yakatokea maandishi: HITILAFU 77. MWENDO UMEPUNGUZWA.

"Usinifanyie hivyo," aliiambia pikipiki. "Nakuomba, leo usinifanyie hivyo."

Pikipiki haina habari na maombi ya mtu. Ilijikokota kwa mwendo wa kobe mpaka bibi mmoja aliyekuwa akipanda mlima kwa miguu, mzigo wa kuni kichwani, akawakuta na kuwapita. Akawasalimu, tena kwa heshima zote. Salamu ile ilimuuma Ezelina kuliko tusi.

Abiria wake alikuwa Mama Tulizo, muuza kuku, tenga lake amelipakata mapajani.

"Mwanangu, nishushe," alisema. "Kuku wangu watataga kabla hatujafika sokoni."

"Mama, nivumilie kidogo tu, tukimaliza mlima itachanganya."

"Jana ulimwambia hivyo hivyo mke wa mchungaji, akakosa basi. Nishushe, nina miguu yangu."

Akashuka, akajitwisha tenga, akaenda zake bila kugeuka. Ezelina alibaki ameshikilia vishikio huku machozi ya hasira yakimlenga. Pikipiki mpya! Toleo la mwaka huu, haina hata mkwaruzo, na bado wenye mikweche ya miaka kumi walikuwa wakimpita wakimpigia honi. Aliipiga teke gurudumu la mbele. Likamuumiza kidole.

Kwenye kijiwe cha waendesha pikipiki cha Msalabani walikuwa wameshapata habari kabla hajafika. Milima ya Makete ina ukungu mzito, lakini umbea hauna shida ya kuona njia.

"Dada Eze, ni kweli wewe ndiye uliyemshusha Mama Tulizo, au kuku ndio waliokushusha wewe?"

"Ifunge kamba, tukuvute."

"Mwacheni dada wa watu," ilisema sauti kutoka bandani, na vicheko vikapungua.

Huyo alikuwa Obadia Chaula, mkubwa wa kijiwe kwa umri na kwa heshima. Ndiye aliyemfundisha Ezelina kuendesha, akakimbia kando yake barabara nzima ya msituni akipiga kelele, "Breki ya nyuma kwanza, we mtoto!" Wenzake waliposema kijiwe si mahali pa mwanamke, Obadia aliwajibu kwamba asiyetaka kukaa na Ezelina akafungue kijiwe chake. Hakuna aliyefungua.

"Imerudi tena, kaka," Ezelina alimwambia. "Ile ile, sabini na saba."

"Asubuhi mbona ilikuwa inanguruma vizuri? Nimeiamsha mwenyewe."

Kuamsha ilikuwa desturi yao. Tangu petroli ilipotoweka, injini zote za milimani zilitumia spiriti iliyokamuliwa kwenye viazi, na spiriti haipendi baridi. Mwezi wa sita, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, injini yaweza kugoma mpaka jua likolee. Kwa hiyo pikipiki zote zililala kwenye banda la kijiwe, funguo zikiningʼinia ukutani, na anayewahi kufika alfajiri huziamsha zote. Huzikalia moja moja, akishika vishikio na kuvuta mafuta taratibu mpaka injini ipate joto. Mwamshaji ndiye hupewa abiria wa kwanza. Obadia alikuwa mwamshaji kwa miaka, maana yeye, alivyosema mwenyewe, usingizi ulishamhama.

Lazima mikono iwe juu ya vishikio, la sivyo injini inazima. Hiyo ni sheria, na chanzo chake ni waendeshaji wenyewe. Spiriti ya viazi inanyweka. Watu walikuwa wakitia kikombe kimoja kwenye tangi na kingine kooni, na mabonde yakajaa pikipiki zilizokosa kona. Serikali ikaamuru kila kishikio kipime jasho la kiganja, na kila mikono iulizwe kwenye rejista ya leseni kama inaruhusiwa. Rejista hujibu ndiyo au hapana. Jina haitaji, kwa sababu watu waligomea kufuatwa-fuatwa kila waendako. Matoleo mapya yaliongezewa vipimo vingine ambavyo hakuna pale kijiweni aliyejisumbua kuvisoma.

"Mpelekee Kastori," Obadia alisema. "Ni plagi tu hiyo."

Fundi Kastori hakuwa na neno sijui kinywani mwake. Aliitazama ile 77 kwenye kioo, akasonya, akasema ni plagi. Akabadilisha plagi, akachomeka mashine yake, akafuta hitilafu. Taa ikazima. Ezelina akashangilia, akazunguka na abiria kutwa nzima bila tatizo. Kesho yake, kabla hata ya mlima wa kwanza, njano.

"Basi ni spiriti," Kastori akasema. "Mnanunua kwa wale wa bondeni, wanachanganya na maji."

Akamwaga spiriti yote, akasafisha tangi. Taa ikazima, na kesho yake ikawaka.

"Waya," Kastori akasema.

"Fundi, una uhakika?"

"Dada, wewe unanifundisha kazi?"

Akafungua kiti, akafungua taa, akafungua mpaka vitu ambavyo Ezelina hakujua vinafunguka. Alipomaliza kufunga ilibaki skrubu moja mkononi mwake, akaitia mfukoni akidhani haijaonekana. Taa ikazima. Asubuhi iliyofuata haikuwaka tena kwa njano ya utulivu. Ilikuwa ikipepesa, na kioo kiliandika: HITILAFU 77 IMEJIRUDIA. CHOMBO KITAJIFUNGA.

Ezelina aliketi juu ya jiwe mbele ya banda, akaweka kichwa mikononi. Alichoka. Alichoka na taa, akachoka na Kastori, akachoka na abiria wanaomwona kwa mbali na kujifanya wanangoja mtu mwingine. Kitu kinakwambia una kosa, kosa lenyewe hakisemi, na ukilifuta kinakurudishia asubuhi kana kwamba mlikuwa mnacheza. Haya ni maisha gani?

"Nenda kwa wenyewe, mjini," Obadia alimshauri, akikohoa kidogo na kujisugua bega la kushoto. "Waliotengeneza ndio wanajua walichotia humo."

Kituo cha huduma mjini kilikuwa na vigae vyeupe na kiyoyozi cha joto, na fundi wake alikuwa msichana mwenye koti safi aitwaye Vumilia. Hakugusa spana. Aliweka kibao chake cha kusomea hitilafu juu ya kioo cha pikipiki, akasoma, akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

"Dada, umekuja peke yako?"

"Kwani pikipiki hii inaendeshwa na wawili?"

"Namba zinazoanzia sabini si za injini," Vumilia alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni za mwendeshaji. Vishikio vya toleo hili vinasoma mapigo ya moyo kupitia viganja. Sabini na saba ni moyo unaoruka. Unapiga, unanyamaza, unapiga tena kwa haraka. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzimia akiwa barabarani. Dada, nenda hospitali leo."

Ezelina alikwenda hospitali ya misheni akijihesabia kila pumzi. Alimfikiria mama yake, akafikiria nani atamlea mdogo wake, akaanza hata kuchagua nyimbo za mazishi. Akavuliwa koti, akabandikwa nyaya kifuani, akakimbizwa juu ya mkanda wa kukimbilia hadi akatoka jasho. Daktari alitazama karatasi, akamtazama yeye.

"Moyo wako unaweza kuvuta plau. Nani aliyekutisha?"

Furaha ile haikudumu hata kufika getini. Hasira iliipiku. Alirudi kituoni akaingia bila kubisha hodi.

"Mimi mzima! Mzima kabisa, karatasi hii hapa! Plagi mmesema, spiriti mmesema, sasa mnaniua nikiwa hai. Hii pikipiki yenu ni mwongo!"

Vumilia hakubishana naye. Aliisoma karatasi, akafungua kumbukumbu ya pikipiki, akaivuta juu na chini kwa kidole.

"Ajabu. Mchana kutwa mapigo yako safi. Tatizo linarekodiwa alfajiri tu, chombo kikiwa kimesimama; taa na mwendo wa kobe vinakuja baadaye, ukishaingia barabarani. Kila siku. Dada, alfajiri huwa unafanya nini na pikipiki?"

"Alfajiri? Mimi alfajiri nimela..."

Hakumalizia. Akilini alimwona Obadia ameikalia pikipiki yake bandani, mvuke ukimtoka mdomoni, mikono miwili juu ya vishikio. Aliliona lile bega la kushoto analolisugua kila mara, na usingizi uliomhama. Mikweche ya wengine haisomi moyo. Kijiwe kizima, pikipiki moja tu ndiyo ilikuwa ikimsikia Obadia, na wao wamekazana kuifuta.

"Waliotengeneza hawajui kuamsha," alisema polepole. "Walidhani kila mtu anawasha ya kwake."

Alipomweleza desturi ya kuamsha, Vumilia alimweka kitako.

"Hiki chombo kimeshajifunga, na kukifungua kuna njia mbili. Ya kwanza, naandika kwamba kishikio ni kibovu. Nabadilisha, kumbukumbu inafutika, unaondoka, na hakuna atakayeuliza. Ya pili, unatamka kwamba mikono ile si yako, na unataja ni ya nani. Mashine inaweza kulinganisha yenyewe, lakini sheria hairuhusu mpaka mwenye chombo ataje."

"Nikitaja?"

"Rejista itamjibu hapana. Hataweza kuwasha pikipiki yoyote, mpya wala kuukuu, hadi daktari amruhusu. Na kwa moyo kama huu," Vumilia alitazama kibao, "sidhani kama ataruhusiwa tena."

"Akiwa barabarani je? Itamzimikia?"

"Haizimi ikiwa inatembea. Itakataa akisimama na kutaka kuwasha."

Ezelina akaomba arudi kesho. Vumilia akamfungulia chombo kwa siku moja, kwa mwendo ule ule wa kobe.

Alimkuta Obadia nyumbani kwake, ameinama anaosha pikipiki kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Ilikuwa chuma cha zamani, rangi imebanduka, lakini ilingʼaa kuliko ya Ezelina.

"Wamesemaje hao wenye vigae?"

"Wamesema ni moyo."

Kitambaa kilisimama.

"Wa nani?"

"Kaka Obadia, usinifanye mtoto. Unajua wa nani."

Aliendelea kufuta mahali palipokwisha takata. Hatimaye akaketi chini, mgongo akiuegemeza kwenye gurudumu.

"Tangu mavuno ya mwaka jana," alisema. "Unakuja, unaenda. Kizunguzungu kidogo tu. Nikitulia kinapita."

"Na ukiwa umebeba mtu?"

"Kinapita, nimekwambia."

"Umekwenda hospitali?"

"Kufanya nini? Wanifungie? Eze, mimi sina shamba la maana. Sikusoma. Nikiambiwa nikae kwenye kigoda nianike miguu juani kama mahindi, nitakufa wiki hiyo hiyo, tena nitakufa nikiwa si kitu. Barabarani hapa kila mtu ananiita Kaka Obadia. Nyumbani nani ataniita?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka. Wewe mwenyewe uliniambia hivyo nilipoficha kidonda cha kuungua na ekzosi."

"Kidonda kinapona." Aliinua macho, na macho yale yalikuwa yanaomba. Ezelina hakuwa amewahi kuyaona yakiomba. "Waambie wabadilishe hicho kishikio. Mimi sitaiamsha tena ya kwako, naapa. Taa itazima, utapata abiria wako, na mimi nitakuwa na wangu. Sijawahi kukuomba kitu, mdogo wangu. Nilipokusimamia mbele ya wanaume wote wale nilikuomba nini?"

"Hukuniomba kitu."

"Basi leo nakuomba."

Ezelina alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa hakuweza lolote kati ya hayo, akapanda kobe wake akaondoka. Njia nzima alimlaani kila aliyehusika. Aliwalaani wenye kiwanda waliotia masikio kwenye vishikio. Alimlaani Kastori na skrubu yake. Alimlaani Obadia kwa kumpa mzigo huu, halafu akaomba toba, halafu akamlaani tena.

Asubuhi alifika kituoni ameshaamua kudanganya. Kweli kabisa, alikuwa ameamua. Moyo ni wa Obadia, shingo ni ya Obadia, mtu mzima anajua anachofanya. Nani alimfanya Ezelina kuwa polisi wa miili ya watu?

Vumilia alikuwa na kishikio kipya tayari mezani, ndani ya mfuko wake.

"Niandike kibovu?"

"Andika."

Vumilia akaanza kuandika. Nje ya kioo pikipiki za mjini zilikuwa zikipita, na Ezelina akajikuta anawatazama wale wa nyuma, si waendeshaji. Mwanamke amefunga mtoto mgongoni. Mzee ameshika kofia isipeperuke. Mwanafunzi amelala kabisa, shavu kwenye koti la mtu asiyemjua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza lolote kuhusu moyo wa aliye mbele. Walipanda tu, wakaamini.

Mama Tulizo na kuku wake sasa walikuwa wakipanda na Obadia.

"Acha," Ezelina alisema.

"Niache?"

"Acha kuandika hicho. Kishikio ni kizima. Mikono ni ya Obadia Chaula, wa kijiwe cha Msalabani."

Alipolitaja lile jina alihisi amemtemea mate usoni. Vumilia alibonyeza mara moja. Taa ya njano ikazima, bila sauti wala shukrani, na kioo kikaandika kwamba chombo hakina hitilafu yoyote. Wiki nzima alikuwa ameitamani sentensi ile. Aliisoma na kuichukia.

Hakuwa amefika hata nje ya mji simu ilipolia.

"Eze." Sauti ya Obadia, nyuma yake upepo. "Nimemshusha abiria huku bondeni, chini ya daraja. Nawasha, inakataa. Kioo kinasema mikono yangu hairuhusiwi."

Ezelina aliisimamisha pikipiki kando ya barabara.

"Basi," alisema Obadia. "Njoo unichukue."

Alimkuta amekaa kando ya barabara, helmeti mapajani, chuma chake kikiwa kimeegemezwa vizuri mtini kwa mtu atakayekuja kukichukua. Hakumsalimu. Ezelina alizima injini, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nimekutaja, kaka."

"Najua. Wewe uongo hukuuweza tangu zamani."

"Nilitaka. Nilishamwambia aandike kibovu."

"Sasa?"

"Nikashindwa."

Obadia aliigeuza helmeti mikononi. Alipozungumza, alizungumza na barabara.

"Juzi, pale juu kwenye kona ya mawe, nilipotea. Sijui kwa muda gani. Nilipozinduka tulikuwa upande wa shimo, tairi juu ya ukingo. Mama niliyembeba nyuma alidhani namkwepa mbuzi. Akanishukuru, Eze. Akanishukuru kwa kumkwepa mbuzi ambaye hakuwepo." Akapangusa uso kwa kiganja. "Na leo asubuhi nimebeba tena."

Ezelina akachuchumaa mbele yake.

"Kwa hiyo hukukosea," Obadia aliendelea. "Lakini usijidanganye kwamba nimekusamehe. Sijakusamehe."

"Sijajidanganya."

Akainuka kwa shida, akaiendea pikipiki, akasimama kando ya kiti cha nyuma. Akatazama huku na huku chini ya kiti.

"Abiria huwa wanashika wapi?" aliuliza.

"Nishike mimi, kaka. Kiunoni."

Wakaondoka. Hakuna taa iliyowaka, na mlima ambao wiki nzima ulikuwa ukimdhalilisha Ezelina ulipita chini yao upesi. Obadia alijikaza mwanzoni, amejitenga naye, kisha kona ya pili ikamsukuma mbele, kifua chake kikalala mgongoni mwa Ezelina na kikabaki hapo. Ndipo Ezelina alipousikia mwenyewe, kupitia makoti mawili. Ukapiga, ukanyamaza. Akangoja. Ukanyamaza bado. Kisha ukapiga mara nyingi kwa pamoja, ovyo, kama mtu anayegonga mlango akikimbizwa.

Kwenye njia panda, njia ya kijiweni ilikuwa mbele, na ya hospitali kulia. Hakumuuliza. Akakata kulia.

Obadia alimkaza kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Ongeza mwendo, mdogo wangu," alisema karibu na sikio lake. "Naogopa."

Ezelina akaongeza.